Wakosoaji Waseme, Sneya Ilie: Maswali Yenu Kuhusu Pop-Panki

Toleo lililopita tuliandika kuhusu bendi za magitaa zinazochipukia Arusha na Moshi, zinazopiga pop-panki, yaani roki ya haraka yenye melodi nyepesi. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingi zina kidonda kimoja: tunasemwa, tufanyeje? Nyingine ni za nyaya na spika, ambazo kwa maoni yetu ndizo zinazoua bendi nyingi kuliko midomo ya watu.

SWALI: Shikamooni wahariri. Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Sakina, Arusha, tunapiga pop-panki kwa Kiswahili. Juzi mtangazaji mmoja wa redio alicheza wimbo wetu, akaukata katikati, akasema hizo ni "kelele za wazungu" na Arusha ni mji wa hip hop. Mpiga besi wetu sasa anataka tuhamie Bongo Fleva. Hizo bendi kubwa za Marekani nazo zilisemwa hivi? Zilitokaje?

JIBU: Marahaba. Zilisemwa, tena vibaya zaidi, na waliozisema sana ni watu wa nyumbani kwao.

Chukueni Green Day. Walilelewa kimuziki kwenye ukumbi mdogo wa Gilman Street, mjini Berkeley, California, ukumbi uliokuwa na sheria kwamba bendi iliyosaini na kampuni kubwa haipandi jukwaani. Mwaka 1993 wakasaini na Reprise, kampuni iliyo chini ya Warner. Mlango ukafungwa. Vijana waliokuwa wakiruka mbele yao wakawaita wasaliti. Walirudi kupiga pale mwaka 2015, kwenye onyesho la hisani. Huku nyuma albamu yao ya Dookie, iliyotoka Februari 1994, ilifika nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard, ikachukua Grammy, na mauzo yake Marekani peke yake yakavuka nakala milioni 10.

Blink-182 walipigwa kutoka upande wa pili. Wao hawakuitwa wasaliti, waliitwa watoto: mizaha ya chooni, nyimbo laini mno, sura za vikundi vya wavulana wa kucheza. Albamu yao ya 1999, Enema of the State, ilifika nafasi ya 9 Marekani na kuuza mamilioni duniani kote. Na kabla yao wote kulikuwa na Ramones wa New York. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ilirekodiwa kwa dola 6,400 hivi, nyimbo 14 ndani ya dakika 29, na haikupanda juu ya nafasi ya 111. Kwa hesabu ya duka ilianguka. Kwa hesabu ya vijana waliokwenda kununua magitaa baada ya kuisikia, hakuna mtu ameweza kumaliza kuhesabu.

Sasa mlichouliza hasa: walitokaje? Jibu halina uchawi. Wakosoaji waliwakuta tayari wana watu. Green Day walikuwa na albamu 2 kwenye lebo ndogo ya Lookout kabla ya kampuni kubwa kuwaona, na walikuwa wameizunguka Marekani ndani ya gari la zamani la maktaba ya kutembeza vitabu, dereva akiwa baba wa mpiga dramu. Blink-182 nao Enema of the State ilikuwa albamu yao ya tatu. Jambo la pili halisemwi sana: sauti. Jerry Finn, aliyeshiriki kuchanganya sauti za Dookie, ndiye aliyekuja kuwa prodyuza wa Enema of the State. Sikilizeni albamu hizo mbili kwa spika nzuri. Maneno yanasikika yote, besi haimezwi, sneya, ile ngoma kali ya dramu, inapasua katikati. Muziki wa haraka uliorekodiwa hivyo humfikia hata asiyeupenda.

Kwa hiyo kabla hamjamlaani mtangazaji, jiulizeni aliukata kwenye sekunde ya ngapi. Wimbo wa mapigo 170 kwa dakika, ukiwa na utangulizi wa mizani 8 (kila mzani ni mapigo manne), humfikisha mwimbaji kwenye neno la kwanza baada ya sekunde 11 hivi. Kama wenu una mizani 24 za gitaa tupu, hiyo ni zaidi ya nusu dakika bila sauti ya mtu, na hakuna mtangazaji wa mchana atakayeisubiri. Kateni toleo la redio: utangulizi mizani 4 hadi 8, kiitikio cha kwanza kisivuke sekunde ya 50, wimbo mzima usizidi dakika 3. Mpelekeeni faili la ubora wa juu, WAV au MP3 ya 320, siyo faili lililopita WhatsApp mara tatu. Akiukata na huo, basi ni ladha yake, na ladha haijadiliwi.

Kuhusu "mji wa hip hop": ni kweli, na ni sifa. Lakini hip hop nayo ilizaliwa Bronx, New York. X Plastaz wa hapa hapa Arusha waliichukua, wakaitia uimbaji wa Kimasai, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka hadi nje ya nchi. Joh Makini, rapa wa Arusha, haambiwi na mtu kwamba anapiga muziki wa wageni. Mpiga besi wenu mwambieni avumilie kidogo. Au aende, ila aache amplifaya.

SWALI: Mimi ndiye mwandishi wa mashairi wa bendi yetu, Soweto, Moshi. Tukiandika kwa Kiingereza wimbo unakimbia vizuri. Tukiandika kwa Kiswahili unakuwa kama mtu anasoma tangazo la mnada. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye mkazo, na linarekebishika kwa kalamu na vidole vya kugonga meza.

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sneya ya roki hulia kwenye pigo la 2 na la 4. Wimbo wa Kiswahili unaokimbia vizuri ni ule ambao silabi yenye mkazo inakutana na sneya, au angalau na pigo lolote zito. Tuchukue neno refu makusudi: hawatatuelewa. Silabi 7, mkazo kwenye "le". Kila mzani una nusu-pigo 8: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Ukianza kuimba "ha" kwenye moja kabisa, "le" inaangukia "na" ya tatu, mahali pepesi, halafu "wa" ya mwisho inagongwa na sneya ya nne. Utasikika unasema "hawatatuelewaaa" kwa lafudhi ya mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA asubuhi hiyo. Sasa nyamaza kwenye moja, anza "ha" kwenye "na" inayofuata. "Le" inatua kwenye nne pamoja na sneya, "wa" inafunga mzani. Neno ni lile lile, gitaa ni lile lile, na wimbo umeamka.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika mstari, piga alama chini ya kila silabi yenye mkazo, kisha uugonge mezani mkono mmoja ukiwa sneya. Mkazo ukikosa pigo una njia tatu: sogeza mahali pa kuanzia, ongeza au punguza neno dogo mbele ("leo", "mbona", "basi", "ah" ni msaada mkubwa), au badilisha kitenzi. Usibadilishe mkazo wenyewe. Sikio la msikilizaji wa mtaa wa Pasua halitakusamehe.

Halafu kuna wingi wa silabi. Kwa mapigo 180, nusu-pigo ni 6 kwa sekunde. Mwimbaji aliyezoea anaweza kutamka zote, lakini si mizani 16 mfululizo, atakosa pa kuvutia pumzi. Ubeti uwe na silabi 5 hadi 7 kwa mzani, na kila mzani wa nne uache nusu yake wazi. Kiitikio kipunguze zaidi, silabi 3 hadi 5, kwa sababu hapo unataka ukumbi mzima uimbe, na watu waliosimama na soda mkononi hawaimbi silabi 8.

Neema ya Kiswahili iko mwisho wa neno. Karibu kila neno linaishia na irabu, na irabu ndiyo inayovutwa. "A", "e" na "o" zinafungua koo, zinafaa noti za juu. "I" na "u" zinalibana. Kama mstari wa kilele unaishia na "sirudi", jaribu "sitarudi tena" na usikilize tofauti. "Nakataa" ni zawadi: mkazo kwenye "ta", kisha irabu ile ile inaendelea, unaweza kuivuta mizani 2 bila kuharibu neno.

Upande wa kordi usihangaike. Vidole vilivyolelewa na kwaya vimezoea kordi za I, IV na V, yaani za hatua ya kwanza, ya nne na ya tano za skeli. Ongeza moja tu, vi, kordi ndogo ya hatua ya sita. Kwenye G ni G, D, E ndogo, C. Anza kwa E ndogo kwenye ubeti na kwa G kwenye kiitikio, utapata ule mwinuko bila kuongeza kordi hata moja.

SWALI: Gitaa letu linavuma kila tukiwasha distosheni, na mwimbaji hupigwa shoti mdomoni akigusa maiki. Fundi alituambia tukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Tukate? (Kijenge, Arusha)

JIBU: Msikate! Hiyo pini ndiyo inayowalinda. Ukiikata mvumo unaweza kupungua kweli, na siku amplifaya ikipata hitilafu ndani, umeme wa volti 230 utapita kwenye nyuzi za gitaa, mkononi, hadi kwenye maiki. Watu wamekufa jukwaani kwa njia hiyo. Fundi huyo msimrudie.

Shoti ya mdomoni inatokea kwa sababu amplifaya na miksa zinakula umeme kwenye soketi tofauti, na mojawapo haina ethi ya kweli. Nyumba nyingi zina soketi ya pini tatu ambayo ethi yake haijaungwa popote. Leteni multimita, kile kipimo cha umeme, iwekeni kwenye volti za AC, ncha moja kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye nyuzi za gitaa, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Isome karibu na sifuri. Ikisoma volti nyingi, zimeni, hakuna mazoezi siku hiyo. Kisha vyombo vyote, miksa, amplifaya, pedali, vichomekwe kwenye ekstensheni moja nzito kutoka soketi moja ambayo fundi umeme mwenye leseni amethibitisha ethi yake. Kwenye jenereta hakikisheni chuma cha ethi kimezikwa ardhini.

Mvumo wa gitaa ni jambo jingine, na gitaa lenyewe litawaambia. Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ethi wa brigi (daraja linaloshikilia nyuzi) ni mzima, ila tumbo la gitaa halijakingwa: lifungueni, lipakeni foili ya shaba ndani ya matundu ya pikapu (vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi) na vitufe, na foili hiyo iungwe na ethi. Ukigusa na hakuna kinachobadilika, waya wa brigi umekatika au umeachia lehemu. Ukigusa na mvumo ukaongezeka, kuna aliyegeuza nyaya mbili kwenye jeki. Kazi zote tatu ni za bisibisi na lehemu. Kama pikapu ni za koili moja, mvumo kidogo utabaki daima, hasa karibu na taa za tyubu na transfoma. Geuka digrii 90 usikie ukipungua.

Na punguzeni gaini, kitufe kinacholeta distosheni. Wengi huifikisha 9 wakidhani ndiyo panki, kumbe nyuzi zinayeyuka, kordi haisikiki. Anzia 5 au 6. Besi ya amplifaya 4, kati 6 au 7, juu 5. Ile herufi V ya kukata sauti za kati inapendeza chumbani, jukwaani inafutwa na matoazi. Amplifaya ya wati 15 haitashindana na dramu, lakini haina haja: wekeni maiki ya dainamiki umbali wa sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa cha spika, kando kidogo ya katikati ya koni, mpeleke kwenye miksa.

SWALI: Jirani ametushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Tumeshabandika trei za mayai ukuta mzima wa chumba cha mazoezi. Mbona sauti bado inatoka? (Sombetini)

JIBU: Trei za mayai hazizuii sauti. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, basi. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Anzeni na mlango: mpira wa kuziba pembeni, gunia la mchanga chini. Madirisha ya vioo vya kulala pandeni juu yake ubao mzito wenye godoro kuukuu nyuma yake. Paa la bati bila dari litavujisha kila kitu hata mkijenga kuta za mawe. Hapo dawa ni dari, au kuhama. Mvumo wa besi na ngoma ya mguu hamtaumaliza, kwa hiyo inueni amplifaya ya besi kutoka sakafuni juu ya matairi mawili ya pikipiki yaliyolazwa na ubao juu yake.

Mpiga dramu atengeneze fimbo nyepesi: vijiti vya mishikaki 15 hadi 19 vilivyofungwa kwa utepe wa umeme sehemu mbili. Vinakatika haraka, vina bei ya chini. Kisha nendeni kwa jirani kabla ya mwenyekiti kuwaita, mkubaliane saa. Kumi hadi kumi na mbili jioni, siku mbili kwa wiki, hakuna Jumapili. Mkivunja saa mliyoahidi mara moja tu, malalamiko yajayo yatafika NEMC, baraza la mazingira, na huko hawaulizi aina ya muziki.

SWALI: Napiga dramu kanisani, sebene naiweza bila shida. Lakini nyimbo za bendi yetu zina mapigo 180 na mkono unakufa wimbo wa tatu. Nina kasi ndogo? (Mianzini)

JIBU: Kasi unayo, mdogo wetu. Piga hesabu. Sebene ya mapigo 125 ukiigonga hai-hati (yale matoazi mawili yanayofumbana) robo-pigo ni mapigo 500 kwa dakika. Panki ya 180 kwa nusu-pigo ni 360. Mkono wako unakwenda kasi zaidi Jumapili kuliko Jumamosi usiku. Kinachokuua ni nguvu: unainua fimbo hadi sikioni kwa kila pigo la hai-hati, na umeibana.

Ishike fimbo kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vingine viisindikize tu, uiache iruke yenyewe. Hai-hati igongwe kwa sentimita 10 za mwinuko, sneya ndiyo ipewe mkono mzima. Kwenye viitikio hama kwenye toazi kubwa na upige pigo kamili badala ya nusu-pigo, yaani 180 kwa dakika. Kwa msikilizaji muziki unakuwa mkubwa, kwako ni mapumziko. Mahali pamoja kwenye wimbo shusheni nusu-mwendo, sneya kwenye 3 peke yake.

Mguu ndio wenye kazi mpya kwako. Mpigo wa kawaida ni ngoma ya mguu kwenye 1, sneya 2, mguu kwenye 3 na "na" yake, sneya 4. Ile miwili ya mfululizo, kwa 180, iko mbali kwa sehemu moja ya sita ya sekunde. Weka metronomu, kihesabu mapigo, kwenye 120, piga mzunguko huo dakika 2 bila kusimama, ongeza 5. Ukianza kuchelewa mpigo wa pili wa mguu, rudi 5 nyuma ukae hapo siku hiyo. Fimbo za 5B ni nzito kidogo kuliko 5A na zinadumu, lakini kama kifundo kinauma rudi 5A.

SWALI: Mimi ni mwimbaji wa kike, Majengo, Moshi. Baada ya nyimbo 3 sauti inakauka, na maiki inapiga mluzi kila nikiongezewa. Watu wanasema muziki huu si wa wasichana.

JIBU: Dada, hao wa mwisho waambie wamtafute Hayley Williams wa Paramore, bendi iliyoanza Tennessee mwaka 2004, halafu tuendelee na mambo ya maana.

Unakauka kwa sababu hujisikii, kwa hiyo unapiga kelele. Mluzi na koo ni tatizo moja. Maiki za jukwaani nyingi husikia mbele na kuziba masikio nyuma, kwa hiyo spika ya kujisikilizia iwe mbele yako, ikitazama mkia wa maiki moja kwa moja. Midomo iwe sentimita 2 au 3 kutoka kwenye wavu. Usiufumbate wavu kwa kiganja kama wanavyofanya wana hip hop kwenye video, hapo unaifanya isikie pande zote na mluzi unaanza. Ndani ya spika yako weka sauti yako na gitaa kidogo, dramu hazihitaji msaada. Mluzi ukibaki, fundi atafute masafa yanayolia kwenye ikwalaiza ayashushe, asishushe sauti nzima.

Kisha shusheni nyimbo. Magitaa yote na besi yalegezwe nusu toni, E iwe E-bapa. Green Day walifanya hivyo kwenye Dookie. Vidole haviongezi kazi, koo linapata nafuu, ila wekeni nyuzi nene kidogo, za 11 badala ya 10, kwa sababu zilizolegezwa hutetemeka na kugonga freti. Kabla ya jukwaa, dakika 10 za kuimba kwa midomo iliyofungwa, kutoka chini kwenda juu taratibu. Maji ya kawaida, kidogo kidogo tangu mchana. Ukiona mkwaruzo haujaisha wiki 2 au 3, nenda kliniki ya masikio, pua na koo, hospitali ya KCMC iko hapo hapo mjini kwenu.

SWALI: Tunatoa wimbo wa kwanza mwezi ujao. Tuanze na jina, BASATA au COSOTA? (Ngarenaro)

JIBU: Jina. Litafuteni YouTube, Boomplay, Audiomack na Spotify kabla ya kuchapisha fulana. Blink-182 walianza kama Blink, ikatokea bendi ya Ireland yenye jina hilo, mwaka 1995 wakabandika namba. Kisha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kusajili wasanii kwa Sheria Na. 23 ya 1984. Hakimiliki ya wimbo huzaliwa mara tu unapotungwa, lakini COSOTA, ofisi ya hakimiliki iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1999, ndiyo inayosajili kazi (hadi mwaka 2022 ndiyo iliyokusanya na mirabaha), kwa hiyo sajilini kila wimbo.

Karatasi muhimu kuliko zote haitoki ofisi yoyote. Siku wimbo unapokamilika andikeni nani ametunga maneno, nani muziki, asilimia kwa kila mmoja, wote msaini, kila mtu abaki na nakala. Hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Urafiki wa bendi haudumu hivyo.

SWALI: Habari zenu wanangu. Mimi ni mama, naishi Rau, Moshi. Sina neno na muziki wao, wanapigia stoo ya nyuma. Lakini mwanangu akitoka humo nikimwita haitiki mpaka nimguse. Ni ujeuri au masikio?

JIBU: Shikamoo mama. Ni masikio, na umeuliza mapema. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu. Desibeli 100 ni dakika 15. Stoo yenye dramu na amplifaya mbili inazipita 100 bila kujitahidi. Kutoitika baada ya mazoezi, au mlio sikioni usiku, ni dalili kwamba sikio limechoka. Likichokeshwa kila wiki kuna sehemu haitarudi.

Pamba haisaidii. Anunue vizibo vya povu kwenye duka la vifaa vya usalama kazini au famasi kubwa. Akiviringishe kizibo kiwe chembamba, mkono mwingine uvute sikio juu na nyuma, akiingize, akishikilie sekunde 30 kifure. Kikibaki nje zaidi ya nusu hakijakaa. Mpangilio wa stoo nao ubadilike: amplifaya ziinuliwe zitazame masikio ya mpigaji wake, kwa sababu ikiwa sakafuni hupiga magoti na mwenyewe huongeza sauti. Dakika 40 za kupiga, dakika 15 nje uani. Na kama wiki nzima bila mazoezi bado haitiki, mpeleke akapimwe usikivu. Akipimwa mzima, mama, basi ni ule ujeuri.